Ngumi Moja Kutoka Chini

Majani ya malisho tuliyopanda mimi na mume wangu hayakutaka kupandwa tena. Ukiyakata, unaacha kimo cha ngumi moja kutoka chini, nayo yanachipua, mwaka nenda mwaka rudi. "Haya yatatuzika sote," marehemu alikuwa akisema. Yeye yalimzika kweli.

Kiangazi kilipoanza nililazwa hospitali mwezi mzima. Mdogo wake, mtu anayemjua ng'ombe kwa maziwa ya pakiti tu, akaja kunitunzia nyumba. Niliporudi alinipokea langoni, meno yote nje.

"Shemeji, nimekufyekea mpaka chini. Kila yakichipua, nayarudia. Lilikuwa pori, sasa safi kama sebule."

Nilipiga magoti, nikavuta shina moja. Lilitoka na mizizi yake yote, mikavu, bila kunibishia.

"Ahsante, shemeji," nikasema. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo namwagilia kila asubuhi, ndoo sita. Ng'ombe ananitazama kutoka zizini, ametulia, akiamini kwamba najua ninachofanya.