Robo Iliyobaki Mtungini

Wazamiaji ni watu wenye makeke. Mtungi wenyewe wa hewa wanaubeba mgongoni, chini ya maji, ambako hauonwi na mtu ila samaki, lakini watakusumbua wiki nzima juu ya rangi. Huyu anataka fuvu, yule miali ya moto (moto majini, jamani!), mwingine anataka sura ya mkewe, na mwezi unaofuata anarudi akitaka niifute. Mimi nafuta, napiga msasa, nafunika kwa utepe zile namba zilizogongwa shingoni ili rangi isizizibe, kisha napuliza. Ndiyo kazi yangu katika karakana ya mjomba. Yeye huikagua mitungi na kuijaza hewa, mimi huipamba.

Mtungi mzuri kuliko yote niliyopamba ulikuwa wa mdogo wangu. Tulimwita Kidagaa kwa wembamba wake, na kazi yake ilikuwa kusugua matumbo ya meli bandarini. Aliutaka uwe wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi. "Ili nikipotelea huko chini mnione," aliniambia, akacheka. Hakupotelea chini. Alirudi kutoka kazini mchana mmoja akiwa na homa, akajilaza, na kabla wiki haijaisha tukamzika.

Mtungi wake mama aliuchukua akauweka chumbani kwake. Akawa analala nao kitandani, upande wa ukutani, kaufunika shuka. Nilidhani ni majonzi ya mwanzo, yatapoa. Hayakupoa. Kila nikiingia kufagia nauona umelala pale alipokuwa akilala Kidagaa utotoni, na mimi niliye hai naambiwa nisiuguse. Iliniuma sana. Mtu mzima kuonea wivu mtungi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa kushikwashikwa na jasho, rangi ikaanza kubambuka. Ikafanya malengelenge, na chini yake kukatokea unga mweupe, ambao ndio kutu ya alumini. Mama akaubeba mwenyewe hadi karakana, akihema, akaulaza juu ya meza yangu.

"Mpake mdogo wako upya," akaniambia.

Mjomba akatoka na miwani yake puani, akaufungia geji ya kupimia hewa, akasoma. Kulikuwa na robo. Mzamiaji mwenye akili hapandi juu na mtungi mtupu, hubakiza kidogo kwa dharura, na Kidagaa alikuwa mshika sheria tangu utotoni.

"Dada, hewa hii lazima itoke kwanza," mjomba akasema kwa upole. "Nifungue koki, nimulike ndani. Mtungi wenye hewa haupigwi msasa hapa, uwe wa nani."

Mama akaukumbatia. "Hutoi kitu. Humu mna pumzi ya mwanangu."

Hapo nikachemka. Nilikuwa nimeyabeba mengi, yakamwagika yote mahali pasipo pake.

"Mama, hiyo si pumzi yake! Ni hewa ya mashine, ile pale kwenye kona. Pumzi yake aliitoa majini, ikapanda juu mapovu, basi. Humo hakurudisha hata chembe. Unalala na chuma, mama!"

Mjomba alinitazama kama niliyempiga mtu kibao. Mama hakulia wala hakufoka.

"Unadhani sijui?" akasema. "Nimefua nguo za wazamiaji kabla hujazaliwa. Najua ni ya mashine. Lakini hii ndiyo aliyoibakiza. Ilikuwa yake avute, hakuivuta."

Mjomba akavua miwani, akaifuta, na wala haikuwa na vumbi.

"Dada, unga huo ukiachwa utautafuna mtungi. Siku moja utakupasukia ubavuni."

Mama akapapasa yale malengelenge kwa kidole. "Basi isitoke bure. Nifungie mpira wake wa kuvutia hewa."

Mjomba akafungua koki kidogo, akaipuliza hewa kwenye kitambaa cheupe, akakiangalia, akakinusa. Ilikuwa safi. Akafunga mpira. Mama akakaa kwenye kigoda changu, akatia kile kidude cha nchani mwa mpira mdomoni. Pumzi ya kwanza ilimshtua, akakohoa. Ya pili akaiweza, akafumba macho.

Nilisimama pale na hasira zangu, zikaniishia. Nikapiga magoti karibu yake. Akautoa ule mpira mdomoni.

"Na wewe vuta. Ni mdogo wako."

Nikavuta. Hewa ilikuwa baridi, kavu, yenye harufu ya mpira tu. Nilitafuta chochote cha Kidagaa humo, sikukipata, nikalia na kidude kikiwa mdomoni. Tukawa tunapokezana. Mteja wa fuvu akachungulia kuulizia kazi yake, mjomba akamfungia mlango usoni.

Sindano ya geji ikazidi kushuka. Hewa ikaanza kuja kwa shida.

"Imekuwa nzito," mama akasema.

"Inaisha, mama."

Zamu yangu ilipofika hakunipa. Akavuta, akavuta tena, mashavu yakabonyea. Mjomba akamwekea mkono begani.

"Dada, imekwisha."

Mama akatikisa kichwa, akaendelea kuvuta.