Maneno ya Mwanafikra wa Kale

Miguu imenivimba, mgongo unaniuma, na bado Mheshimiwa Meya anataka hekima. Kila hotuba anataka hekima. Akifungua choo cha stendi anataka hekima, akizika diwani anataka hekima, na mwandishi wake wa hotuba ni mimi, kwa hiyo hekima niitoe mimi. "Mama, nitilie kidogo maneno ya wanafikra," huniambia, utadhani anaomba chumvi mezani.

Wanafikra wenyewe ni mume wangu. Alifundisha sekondari mpaka akastaafu, na wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Nukta, kwa sababu mtoto akisahau nukta mwisho wa sentensi alirudia ukurasa mzima. Mchana alifundisha, jioni alikaa jikoni kwetu akiwaza juu ya watu na wanaowatawala. Mimi nakatakata vitunguu, yeye anatamka: "Serikali ni jirani asiyehama, mfundisheni kubisha hodi." Au: "Wema wa mtu upimwe kwa anachoacha kukifanya mlango ukiwa umefungwa." Nikayapeleka ofisini. Meya akiyasoma ukumbi unapiga makofi, na kila mara yanatanguliwa na maneno yale yale: mwanafikra mmoja wa kale alisema. Wa kale! Mtu yuko nyumbani anatafuta soksi.

Zamani tulicheka. Sasa hatucheki, maana mume wangu anapotewa na maneno. Kijiko anakiita "kile cha kuchotea." Wifi yangu, dada yake, amehamia kwetu kumwangalia nikiwa kazini, na mume wangu anamwita "yule mama." Juzi aliniuliza mimi, kwa adabu zote, kama nimekaribishwa chai. Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka.

Ndipo nikataka kitu kimoja, kimoja tu: jina lake litajwe hadharani, kabla nalo halijampotea. Meya alikuwa amechaguliwa tena, anaapishwa, na redio ingetangaza moja kwa moja. Nikachagua sentensi aliyonipa akiwa bado na maneno yake yote: "Anayetaka kutawazwa na watu, kwanza ajitawaze mwenyewe." Chini yake nikaandika kwamba aliyesema hayo ni Mwalimu Nukta, wa hapa hapa mjini kwetu.

Meya alisoma, akatabasamu, akachukua kalamu na kulikata jina.

"Nukta ndiyo nani? Weka mwanafikra wa kale."

"Ni mwalimu, mheshimiwa. Nusu ya mji huu amewafundisha yeye."

"Ndiyo maana. Mtu waliyemwona sokoni anachagua nyanya, nani ataamini ana hekima? Mama, usinichoshe."

Usinichoshe! Nani kamchosha mwenzake hapa?

"Basi angalau liangalie hilo neno," nikasema. "Lina maana mbili."

"Vizuri zaidi! Mbili kwa bei ya moja."

Nilikuwa nimeshasema, na nguvu za kurudia sikuwa nazo. Niliiandika upya ile hotuba bila jina, nikimlaani kimoyomoyo, kisha nikaenda nyumbani kumkatia mume wangu kucha.

Siku ya kiapo ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilikaa pembeni ya jukwaa na nakala yangu. Nyumbani nilikuwa nimemwachia wifi redio, ingawa hakukuwa na jina la kusubiri. Meya alisoma vizuri, tusimnyime haki yake, akaifikia ile sentensi, akainua mkono na kunguruma:

"Mwanafikra mmoja wa kale alisema: anayetaka kutawazwa na watu, kwanza ajitawaze mwenyewe!"

Nadhani kichwani mwake aliona kiti na joho. Lakini watu wazima waliokaa mbele walijua kujitawaza kwingine, kule kwa chooni, umechuchumaa, kopo la maji mkononi. Na mabomba ya mji yalikuwa yamekauka tangu kampeni zilipokwisha. Muuza mkaa mmoja, mama wa makamo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia njia:

"Kwa maji gani, mheshimiwa?"

Lahaula! Ukumbi ulilipuka. Watu walishika mbavu, diwani mmoja akadondosha miwani, askari wa mlangoni akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Meya alisubiri wanyamaze, hawakunyamaza. Jasho likamtoka.

"Si maneno yangu!" akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Ni ya mume wa huyu mwandishi wangu, huyu hapa! Mwalimu mmoja anaitwa Mwalimu Nukta!"

Kicheko kikakatika. Halafu mtu wa nyuma akasema, "Mwalimu wangu huyo!" akaanza kupiga makofi. Wengine wakadakia, watu wenye mvi zao, wakisimama mmoja baada ya mwingine. Hayakuwa makofi ya Meya, na alijua. Mimi nililia palepale mbele za watu, wala sikujali.

Kazi yangu iliisha kabla soda hazijagawiwa. Katibu alikuja kudai ufunguo wa ofisi, nikampa. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na kuanzia njia panda viatu nilivishika mkononi.

Wifi alinipokea mlangoni, macho mekundu.

"Wamemtaja, wifi! Redioni! Nikamwongezea sauti."

Mume wangu alikuwa kitini kando ya redio, anacheka peke yake hadi kiti kinalia.

"Kwanza ajitawaze mwenyewe!" akaniambia, neno kwa neno, bila kukwama. "Halafu yule mama: kwa maji gani!" Akafuta machozi ya kicheko. "Huyo Mwalimu Nukta ana akili sana. Unamfahamu?"

Wifi akatoka nje. Mimi nilikaa karibu naye, nikamshika mkono.

"Namfahamu," nikasema. "Ni mume wangu."

Akanitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Una bahati, mama. Ukifika kwako, mpe salamu zangu."

"Zimefika," nikamwambia.