Skrubu Inayoyeyuka

Daktari Reuschle alizipanga skrubu tatu juu ya kitambaa cha kijani, kila moja ndogo kama punje ya mtama. Ya kwanza ilikuwa ya titani, ya pili ya plastiki ngumu, ya tatu nyeupe kama jino la mtoto. Hiyo nyeupe, alisema, huyeyuka polepole na kuuachia mfupa nafasi yake. Zote kazi yake moja: kuzama mfupani na kushika nyuzi zinazorudisha kano lililochanika begani.

"Hii," nikasema, nikigusa titani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa haunyanyuki kupita kifua.

"Bwana Haug, mfupa wako unamomonyoka kama mkate mkavu. Chuma kikichomoka kitasaga kiungo. Tena kitatutia ukungu kwenye picha za ndani ya bega. Ningekuwa wewe, ningechukua nyeupe."

"Kwa hiyo chuma hakifai?"

"Sikusema hivyo. Katika kupona, zote zinakaribiana. Nasema bega lako. Nipe jibu Jumatatu."

Nilitoka nimemdharau. Mimi nimechonga skrubu za titani maisha yangu yote hapa mjini Tuttlingen; mchana mashineni, jioni darasani nikisomea metali. Wale wa ng'ambo ya mto, wanaomimina plastiki na hizo nyeupe zinazoyeyuka, sisi wa chuma tuliwaita wapika mishumaa. Hata bia hatukunywa nao meza moja. Na mpika mishumaa mmoja, Kuno Bitzer, mlango wake unatazamana na wangu.

Jumamosi kibao cha zamu ya usafi kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwangu. Kikishaning'inia, ngazi za jengo ni zako, na uchafu wake ni aibu yako, mpaka usafishe ndipo ukitundike kwa jirani. Nilifagia kwa mkono mmoja. Dirisha la ngazini likanishinda. Nikasimama chini yake, kitambaa kikinidondoshea maji kiatuni.

Kuno akatoka na kandambili zake. "Fundi chuma! Leo dirisha limerefuka?"

"Rudi kwenye mishumaa yako."

"Lete hapa, mzee. Mama Klotz wa chini ameshaanza kuchungulia."

Akaninyang'anya kitambaa, akanyoosha mkono wa kulia mpaka kona ya juu kabisa. Nilitafuta kasoro, nikaipata: ameacha michirizi. Mkono ukapanda tena, ukaifuta.

"Bega hilo si ndilo ulilochana ulipoanguka na baiskeli?" nikamuuliza.

"Ndilo. Wakanitia skrubu yetu."

"Iko wapi sasa?"

"Haipo. Daktari kaitafuta kwenye picha, kakuta mfupa mtupu." Akacheka. "Yenu, bwana, utazikwa nayo inang'aa!"

Siku zote nilijivunia kwamba kazi ya mikono yangu itabaki ndani ya watu hata baada yao. Kitu kinachoshika mpaka kisihitajike, kisha kinaondoka bila kuacha alama, nilikiona upuuzi wa watu wasiojiheshimu.

Dirisha lilikuwa linang'aa. Nikakitungua kibao kwa mkono wa kushoto. Zamu sasa ilikuwa ya Kuno. Kikabaki kiganjani mwangu.

"Bitzer," nikaita. "Vua shati."

"Nini?"

"Nionyeshe skrubu yenu ilipoingia."

Akaanza kufungua vifungo, pale pale ngazini, Mama Klotz akichungulia.