Tumbo ya Mama Adolphine

“Kama sombe yangu iko na sumu, useme mbele ya bantu!”

Ni Mama Agnès huyo, kichwa juu ya ukuta, mwiko mu mukono. Upande mwingine wa ukuta, Mama Adolphine alikuwa amesimama katikati ya kiwanja ya lupango yake, anatazama chini kama mutoto mwenye amevunja chungu.

“Nani amesema sumu, voisine? Mimi sijasema sumu.”

“Wewe haukusema, kuku yako njo ilisema! Jana ilipita mbele yangu na sombe ku mudomo. Sombe yangu! Hakuna mwingine mu avenue hii anaitia karanga vile. Donc mimi naamuka, natwanga majani ya muhogo, napika, nakuletea sahani ya kufunika, na wewe unaalika kuku!”

Mimi nilikuwa ng’ambo ya barabara, nabambua karanga pa mulango yangu. Nilisogeza kiti pole pole mpaka karibu na lango zao, juu ya kuwa kutoka kwangu majibu ya Mama Adolphine haikukuwa inasikika muzuri, na habari ya kusikia nusu njo inaletaka uongo mu quartier.

“Mama Cathy ni shahidi!” Mama Agnès alinionyesha na mwiko. “Mama Cathy, umesikia?”

“Bado sijasikia yote,” nikasema. “Muendelee tu.”

Kwetu hapa Kasungami, sahani ya kufunika haiko chakula tu. Jirani akikuletea, unakula, unaosha sahani, unairudisha na kitu ndani, hata nyanya. Ukiitupa, umesema neno lenye hauwezi tena kurudisha mu mudomo: umemuita mulozi, muntu wa uchawi. Kuko bantu balihama juu ya sahani. Na sahani ile haikukuwa ya kwanza ya Mama Agnès kuishia vibaya kwa Mama Adolphine.

Lakini lazima mujue Mama Adolphine alikuwaka nani. Baba yake alitoka Kasai, akamuachia bintu mbili: duka ya bitenge mu ville, na ile mwili. Mwili ya heshima! Akisimama kando ya barabara, taxi inajisimamisha yenyewe, mwenye kuendesha anatoa bantu babili ba nyuma bila kuulizwa. Siku ya Mungu, kisha kanisa, lupango yake ilijaa: benye aliita, na benye baliitwa na harufu. Yeye anakaa katikati, bukari, ugali yetu, mbele yake kama kilima, na kicheko yake inafika kwangu mbele ya harufu ya nyama. Mama Agnès alikuwa anakaa kuume yake kila mara. Bale bamama babili, hata chumvi balikuwa bananunua pamoja.

Kisha akaenda Afrika ya Kusini, ati kuchukua mali ya duka. Akarudi bila mali, mukono pa tumbo, akilala sana. Na kuanzia pale akaanza kupunguka. Mama Séphora wa boutique akasema ni ugonjwa ya sukari. Bamama ba chorale bakasema ni Papa Clément, bwana yake, ameoa mwingine. Mimi sikusema kitu. Niliuliza tu, ku kila nyumba, kama bamesikia kitu.

Yeye akafanya nini? Akafunika. Kitenge juu ya kitenge, na blanketi chini, mu joto ya mwezi wa kumi! Ukimuona mbali unasema, ah, mama amerudisha mwili. Ukifika karibu, unaona shingo inatoka mule mu nguo nyembamba kama mupini ya jembe. Ku kanisa, akikaa pa kiti, alikuwa anashuka mara mbili: kwanza bitenge, kisha mwenyewe.

Turudi ku ukuta.

“Ni juu bukari yetu iko nyeupe, ya mahindi tupu?” Mama Agnès alikuwa amepanda sauti. “Unataka ya muhogo ndani, kama ya bankambo, babu zenu ba Kasai?”

“Mukwetu, usilete bankambo mu mambo ya sombe. Nakuambia siwezi kukula.”

“Hauwezi juu ya nini?”

“Siwezi tu.”

“Eeh! Hauwezi! Lakini mu chumba unaweza! Batoto yako balinielezea: unajifungia na ufunguo, unakula peke yako na kijiko kidogo. Basi niambie, kati ya muntu mwenye anapikia bengine na muntu mwenye anajificha kukula, nani njo mulozi?”

Pale hata mikono yangu ilisimama mu karanga. Mama Adolphine akanyanyua macho. Aliingia mu nyumba, akatoka na ile sahani ya Mama Agnès, ile ya maua, ya harusi yake, bila kitu ndani, akaishika na mikono yote mbili, akatoka nje ku barabara kwenda kuirudisha pa lango ya Mama Agnès, mbele yetu bote. Tulijua maana yake: leo ujirani unakwisha.

Alikuwa anatembea mbio. Bitenge haikutaka ile mbio. Kitenge ya kwanza ikafunguka, ya ndege ya bluu, ikateremuka mpaka mu vumbi. Akaangalia chini, akaangalia sahani. Ilibaki achague: ashike nguo ao ashike sahani. Ya pili ikaanguka. Kisha blanketi. Na yeye alishika sahani tu mpaka nguo yote ikaisha, na pale katikati ya barabara ikabaki jupon ndogo ya ndani, na ndani ya jupon muntu mwembamba mwenye sikumujua, ngozi ya mikono inaninginia kama pazia mu nyumba yenye upepo.

Mama Agnès akaweka mikono ku kichwa.

“Mayo! Mayo yee! Bamenikulia mukwetu! Adolphine yangu! Mayo yee!”

Kilio kama ile, ya kulilia maiti, huku kwetu hakuna muntu anaiulizia maana. Unaiacha kazi, unakimbia. Hata sijamaliza kuokota bitenge, barabara ilikuwa imejaa. Na mbele ya bote alikuya Papa Mwaba, mwenye kuchunga biti ya kukalia ya kanisa, anasukuma pousse-pousse yenye kujaa biti, na akiwa amekwisha kukata matawi na kuiweka pa barabara ili motokari ipite pole juu ya matanga. Papa Mwaba anapendaka kazi yake.

Akatoa kofia. “Tuko pamoja, bamama. Maiti iko wapi?”

“Njo mimi, Papa,” Mama Adolphine akasema. “Bonjour.”

Papa Mwaba akamutazama kutoka juu mpaka chini. “Bonjour, mama. Na... hali?”

“Niko tu.”

“Matawi nishaweka,” akasema, na masikitiko kabisa.

Mama Agnès alikuwa amekwisha kutoka, anamufunga kitenge, analia na kugomba pamoja. “Ni ugonjwa gani? Useme! Nani amekufanya hivi?”

“Docteur,” Mama Adolphine akasema. “Nilienda mwenyewe. Balikata tumbo. Yenye balinibakishia iko hivi, kama ndizi.”

Bantu bote tukashika tumbo zetu.

“Na ile ingine?” Mama Agnès akauliza. “Kipande kingine baliweka wapi?”

“Najua mimi? Nilikuwa nalala. Balitupa.”

“Balitupa! Tumbo ya mama muzima! Hata habakukuonyesha?”

Mama Adolphine akakaa pa kiti moja ya Papa Mwaba, sahani ingali pa magoti. Akaeleza, na sisi tukakaa pia, juu biti ilikuwa tayari. Magoti yake ilikuwa imekataa. Pumzi ilikuwa imekataa. Docteur alimuambia moyo yake inavuta mizigo ya lori na nguvu ya kinga ya pedali, akiendelea vile hataona bajukuu. Balimupasula, na kidonda ilipona. Lakini nywele inabaki mu kitana. Anasikia baridi mu jua. Akikula mbio, anatapika. Akikula mingi, anatapika. Anapita mbele ya kioo, anasalimia muntu mwenye anaona, kisha anakumbuka ni yeye.

“Ningesema nini?” akasema. “Hapa bantu banafunga na kuomba Mungu banone kidogo, mimi napanda ndege kwenda kukatwa ili nikonde? Mungenicheka mpaka Noeli.”

“Kweli, tungecheka,” nikasema, na Mama Agnès akanipiga na jicho.

“Njaa haiko inaniumiza. Ile balitupa nayo. Yenye inaniumiza ni mule mu chumba. Mimi, Adolphine, kukula mulango yenye kufungwa kama mwizi! Nikikaa na bantu, bote banahesabu mukono yangu: kula, mama, ongeza, mama, haupendi? Basi najificha. Sombe yako nilionja, mukwetu. Kijiko, na kijiko ingine. Kisha ikarudi. Nilikuwa kule nyuma ya nyumba nalia, si juu ya kutapika. Juu ilikuwa tamu. Yenye kubakia, kuku iliiba.”

Mama Agnès akapangusa macho na ncha ya kitenge.

“Ilikuwa tamu?”

“Sana.”

“Karanga haikuzidi?”

“Hapana. Ilikuwa sawa kabisa.”

“Eeh,” Mama Agnès akasema, na mabega yake ikashuka. “Mimi nililala nafikiri karanga ilizidi.”

Papa Mwaba akakohoa. Akasema yeye hakatai furaha, lakini mu maisha yake yote hajapata kuleta biti na kuirudisha bila bantu kukula, na hangependa kuanza leo. Bantu bakaitikia. Mama Agnès akasema nyumba yake iko wazi, samaki iko pa moto, bukari ataongeza. Tukanyanyuka, kila muntu na kiti yake ku kichwa.

Lakini Mama Adolphine akabaki pa lango ya Mama Agnès. Nilikuwa nyuma yake. Niliona anageuka kutazama nyumba yake, upande wa dirisha ya kile chumba.

“Muende tu,” akasema. “Mutaanza kunitazama.”

Mama Agnès akarudi. “Nani atakutazama? Kukiwa na samaki mbele yake, Papa Mwaba anatazamaka muntu?”

“Nitakula kidogo sana, Agnès. Ya kujaa mukono ya mutoto tu.”

“Basi nitakutolea mifupa, ukule ile kidogo pole pole, ukishiba useme umeshiba. Mwenye atakuambia ongeza, nitamufukuza na kiti yake.” Akanigeukia mimi wakati anasema vile, sijui juu ya nini. “Lakini mudomo, bale badocteur balikata nayo?”

“Mudomo baliacha.”

“Sikia! Miezi yote hii sisi tunakula na kimya kama bantu ba hospitali. Hakuna muntu wa kutuchekesha. Kuya, mukwetu. Maji ya kunawa iko pa mulango, ingia tukule.”