Ndoto za Muiruri

Daktari aliposimama miguuni pa kitanda, Mzee Muiruri alikuwa na ndoto tayari.

"Nimelala kama gunia, daktari. Nimeota naendesha lori la viazi juu ya Ziwa Nakuru, dizeli ikaisha katikati, flamingo wakanisukuma mpaka ng'ambo. Mmoja akaniomba soda."

Wodi ikacheka. Sista Jeruto hakucheka. Alimtazama mzee macho, yalikuwa mekundu kama nyanya.

Daktari alikuwa ameshasema: mtu aliyekatwa saratani ya utumbo asipolala hapati nguvu, na asiyelala haendi nyumbani. Na Jumamosi wageni wanakuja nyumbani kwake Molo kuleta mahari ya binti yake Wangu, kitindamimba. Asipofika, kiti cha baba kitakaliwa na mdogo wake Ngigi, mtu ambaye akiwekewa sahani ya nyama hukubali lolote.

Kwa hiyo kila asubuhi, ndoto mpya. Ukweli ni kwamba hakuwa amelala. Usingizi ulipomnyemelea alijifinya paja, akavuta shuka, akaitupa, akaivuta tena.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya raundi ya daktari, jirani yake wa kitanda, Kosgei, mfugaji aliyetolewa uvimbe shingoni, alimwambia kwa sauti ya kukwaruza, "Mzee, hulali. Nakuona ukijifinya."

"Unanionaje na wewe umelala?"

"Mimi nalala kama mbwa wa boma. Jicho moja liko kazini. Unaogopa nini?"

Muiruri alitafuta uongo, akaukosa. "Hapa nimelala mara moja tu, boss. Siku ya upasuaji waliniambia nitaje jina. Sijalimaliza, nikazama. Kuamka, utumbo umepungua. Nikizama tena, sijui watabeba nini." Akacheka. Akacheka peke yake.

Kosgei alishuka kitandani polepole, akavuta kiti, akakaa akiutazama mlango.

"Nimelinda ng'ombe na fisi wakiwa hapo tu. Tumbo lako litanishinda? Lala."

"Daktari yuko karibu."

"Basi atakukuta umelala."

Muiruri alishika pindo la koti la Kosgei. Akaliachia. Akalishika tena, na mkono ukalegea hapo hapo.

Raundi ilipofika, Kosgei aliweka kidole mdomoni. Daktari alisikiliza mkoromo kidogo, akapita kwa kunyata.

Muiruri alipoamka, jua lilikuwa limehamia dirisha lingine. Kwanza alipapasa tumbo. Bendeji ipo. Kila kitu kipo.

"Leo umeota nini?" Sista Jeruto akauliza.

Alipekua kichwa chote. "Sikuota kitu, sista."

"Hiyo ndiyo ya kwanza nimeamini. Daktari amesema ukilala hivyo tena, Ijumaa unaenda."

Alitaka kumwambia Kosgei, lakini Kosgei alikuwa amerudi kitandani na anakoroma, macho yote mawili yamefungwa. Muiruri alijivuta akaketi, mkono tumboni, akaugeukia mlango.

"Mzee, lala chini," sista akasema.

"Ongea chinichini, mama. Niko kazini."