Cortez Asipite Nyuma

Jumatatu ile Kocha Braddock aliwaonyesha vijana wake wa futiboli ya Kimarekani mikanda ya mechi za Tarrant Bend, wapinzani wao wa Jumamosi. Kila mara ilikuwa vilevile. Mrushaji anarudi nyuma kidogo, anautupa mpira mbali kweli, Cortez Pettway anaudaka akiwa mbioni, kisha anamalizia uwanja peke yake hadi mstari wa kufungia huku walinzi wakimtazama mgongo.

Jarvis Pettway, aliyekaa nyuma kabisa, hakushangaa. Cortez alikuwa binamu yake. Shangazi yao Earlene ndiye aliyewalea wote wawili, nyumba moja, huko Selma, na Jarvis hakukumbuka hata siku moja aliyowahi kumkamata walipokimbizana uani. Sasa wote walikuwa mwaka wa mwisho, kila mmoja na chuo chake. Jumamosi, Jarvis akiwa mlinzi wa pembeni wa Bexley Hills, angepambana naye kwa mara ya mwisho.

"Huyu niachieni mimi," alisema.

"Hatukuachii," Kocha Braddock alijibu bila kugeuka. "Akianza tu kukimbia, mpige mikono ya kifua, umsukume, umcheleweshe. Kisha ukae upande wa nje, umsukumie katikati. Huko nyuma atamkuta Ostrander. Pasi fupi mpeni, ale mpaka avimbiwe. Ndefu hapana."

"Kwa hiyo nimwache adake mbele ya macho yangu?"

"Adake, umwangushe, mpira unakufa hapo. Adake tena, umwangushe tena. Wale hawana subira, Jarvis. Wamezoea kufunga kwa pasi moja. Wakilazimika kutambaa, watakosea wenyewe."

Ostrander, mlinzi wa nyuma, jitu la mashambani lenye sauti ya upole, alimgonga bega. "Nitakuwa nyuma yako, kaka. Usiogope."

"Nani kakwambia naogopa?"

Lakini moyoni aliona amedharauliwa. Mazoezini kesho yake alifanya anavyotaka: akaacha kusukuma, akashindana mbio na mchezaji wa akiba aliyepewa kazi ya kumwigiza Cortez. Akaachwa. Wakarudia, akaachwa tena, na wenzake wakaanza kucheka. Kocha alimwita kando.

"Miguu yako haina kosa," alimwambia. "Ila wapo watu wanaokuzidi mbio, basi. Mimi mke wangu ananizidi akili, na nyumba inakwenda vizuri tu."

Jarvis alijikuta anacheka ingawa hakutaka. Tangu hapo hadi Ijumaa alijifunza kusukuma.

Jumamosi jua lilikuwa kali na majukwaa yamejaa. Shangazi Earlene alikuwa amevaa fulana aliyoishona mwenyewe, upande mmoja kijani ya Bexley, upande wa pili nyekundu ya Tarrant, na alipiga kelele kwa timu zote mbili hadi waliokaa karibu naye wakachanganyikiwa.

Cortez alidaka pasi ya kwanza, fupi, na Jarvis akamwangusha hapohapo.

"Umekuwa mzito, ndugu yangu," Cortez alisema akijipangusa majani. "Shangazi anakupa mikate mingi?"

"Inuka, wenzako wanakungoja."

Akadaka nyingine, na nyingine. Kila mara Jarvis alimwangusha, na kila mara maneno ya Cortez hayakukosekana. "Leo umeniandalia karamu! Mbona hukai karibu? Nanuka?" Jarvis aliuma meno. Hata hivyo aliona jambo moja: Tarrant walikuwa wakisogea kidogo kidogo, na mara mbili mrushaji wao aliishiwa subira akatupa mpira mbali, Ostrander akaudaka yeye. Mapumziko yalipofika Bexley walikuwa mbele.

Kipindi cha pili kiburi kilimpanda Jarvis. Aliona pasi fupi inakuja, akajua kabisa inakwenda wapi, akaruka mbele ili ainyakue. Ilikuwa danganya toto. Mrushaji hakuitupa, alingoja, na Cortez alikwisha kumpita Jarvis, yuko huko mbali, mkono juu, anaomba mpira. Ostrander alikimbia kutoka upande wa pili asimfikie, Cortez akadaka na kufunga.

Jarvis alirudi benchi kichwa chini, akitegemea matusi. Kocha alimpa maji.

"Sasa umeshaonja," alisema. "Tunaendelea na mpango?"

"Tunaendelea, Kocha."

Mwishoni Bexley walikuwa mbele kwa pointi nne, na Tarrant walikuwa na mpira, na muda wa kucheza mara moja tu. Jarvis alimpiga Cortez mikono ya kifua, akamsikia akiguna, kisha akaziba upande wa nje. Cortez alikata kuingia katikati, akamwona Ostrander amesimama kule nyuma kama mlango uliofungwa, akasimama na kugeuka. Mpira ukamfikia hapo, mbali na mstari wa kufungia. Jarvis hakuufuata mpira. Aliikumbatia miguu ya binamu yake na kuanguka nayo, filimbi ya mwisho ikalia.

Walilala majanini wakihema. Cortez ndiye aliyeanza kucheka.

"Nimedaka mipira kumi na zaidi, na nimeshindwa," alisema. "Huu ni uchawi gani?"

"Ulikuwa unakula. Sisi tulikuwa tunakungoja umalize."

"Na ile moja ndefu?"

"Ile nilikupa zawadi."

"Muongo mkubwa wewe!"

Kwenye maegesho Shangazi Earlene alikuwa ameshatandaza meza nyuma ya gari: mbavu za kuchoma, kabichi, na pudini ya ndizi ndani ya beseni. Aliwabusu wote wawili, kisha akamwita na Ostrander, aliyekuwa anapita kwa aibu.

"Njoo, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesimama kule nyuma mchana kutwa?"

"Ndimi, mama."

"Basi kaa. Cortez, mpishe mgeni kiti."

Cortez aliinuka akinung'unika, akakaa chini kando ya Jarvis, mgongo wake ukiegemea gurudumu, akavuta sahani ya mbavu karibu, maana zilikuwa tamu.