Nani Aliwaambia Nyuki

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyeelewa kwa nini mtu aibe ufunguo wake.

Kasha la vyombo vya fedha, hilo tulilielewa. Lilikuwa juu ya meza ya chumba cha kulia, tayari kwa wageni wa msiba, na sasa halikuwapo. Lakini ufunguo? Chuma kizee chenye kutu, kilichoning'inia msumarini kando ya mlango, na mtunzaji wake ni mimi.

"Keziah," Bi Grimwade, mpishi wetu, aliniambia, "usipofungua mdomo leo utafungwa nao umefumbwa."

Nilitaka kusema. Nikaishia kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Mpelelezi aliletwa kutoka mjini kwa gari la farasi. Jina lake Edwin Pask, kijana mwembamba, na masharubu yake yalikuwa bado yanafikiria kama yaote au yasiote.

"Wametuletea mtoto," Bi Grimwade akanong'ona. "Mama yake anajua yuko huku?"

Kijana alisikia, akawa mwekundu, akaendelea kuuliza. Nani alikuwa nyumbani? Tukamwambia. Wanaume wote walifuata jeneza la Bwana Thorley, mwenye nyumba, mpaka kanisani. Sisi wanawake tulibaki ghorofani na mjane, mapazia yamefungwa, tukisali, kama inavyotakiwa.

"Hakuna aliyeshuka?"

Nikainua mkono kama mtoto darasani. Nilishuka kumchukulia Bibi mjane maji. Sikuingia chumba cha kulia. Sikuangalia msumari. Niliyasema hayo kwa sauti ndogo hata akaniomba nirudie, na niliporudia nikayachanganya.

"Basi ni huyo," akasema Bwana Lucas Fenn, mtoto wa dada wa marehemu. Alikuwa mezani akila paja la nguruwe, glavu zake nyeusi za msiba mikononi. Alikuja kwa kigari chake, na kwa maneno yake mwenyewe alikwenda moja kwa moja makaburini bila kupita nyumbani. "Msichana alishuka, ufunguo ni wake, fedha haipo. Mfungeni tule kwa amani."

"Lakini mlango ulikuwa wazi, bwana," Pask akasema. "Auchukulie nini ufunguo?"

"Wewe ndiye mpelelezi. Unaniuliza mimi?"

Pask akakuna kichwa. Aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Alisimama mbele ya msumari mtupu kama anayesubiri umjibu. Mwisho akaniambia, "Binti, kama hatujauona ufunguo kufikia jioni, itabidi niondoke na wewe." Hakusema kwa ukali. Nadhani hata yeye hakujua anifunge kwa lipi. Mimi nilikuwa naona kichwani ukuta wa gereza la mjini, na mama yangu akiambiwa sokoni.

Alitoka bustanini kupunga hewa, akaniamuru nifuatane naye nisije nikatoroka. Nyuma ya mitofaa ndipo ilipo mizinga ya marehemu. Kila mzinga ulikuwa umefungwa utepe mweusi, na mlangoni pa mmoja kuna kipande cha biskuti ya msiba.

"Hii nini?" akauliza. "Hata nyuki wamefiwa?"

"Huambiwa, bwana," nikasema. "Mwenye nyumba akifa wasipoambiwa, hufa au huhama."

"Nani aliwaambia hawa?"

Sikujua. Akamwita Bi Grimwade.

"Siyo mimi," mpishi akasema, macho yametoka. "Nilidhani Bibi."

Mjane akashuka na shela lake jeusi. "Mimi nilidhani wewe, Grimwade. Halafu nikasema hapana, hii si kazi yetu. Anayewaambia ni yule anayerithi nyumba. Hugonga mzinga kwa ufunguo wa nyumba, akasema bwana wenu amefariki, bwana wenu sasa ni..."

Hakumaliza. Pask alikuwa ameshapiga magoti kwenye nyasi chini ya mizinga, suruali yake nzuri ikiloa. Alipoinuka alikuwa ameushika ufunguo wangu.

"Nani anarithi nyumba?"

Sote tulijua. Marehemu alitamka kitandani, mbele yetu: nyumba na mizinga kwa Lucas, vyombo vya fedha kwa mke wake.

Tukarudi ndani. Bwana Lucas alikuwa bado anakula.

"Bwana Fenn," Pask akasema, "nguruwe haliwi kwa glavu. Zivue, tafadhali."

"Niko msibani, kijana."

"Zivue, Lucas," akasema mjane.

Ya kushoto ilitoka vizuri. Ya kulia ilikataa, ikabidi aivute kwa meno. Mkono ulikuwa umevimba kama mkate uliozidi hamira.

"Mlitaka nifanye nini?" akafoka. "Niwaache bila kuambiwa? Wangehama wote! Walinirukia mkononi, ufunguo ukaniponyoka!"

"Uliwaambia bwana wao mpya nani?" Bi Grimwade akauliza.

"Mimi!"

"Ndiyo maana."

Kasha lilikutwa chini ya kiti cha kigari chake, limefunikwa nyasi za farasi. Wanaume wa nyumba walipomwondoa, Pask akanipa ufunguo. "Samahani," akasema, akawa mwekundu tena.

Mimi nilibaki nimeduwaa. Mtu hamwogopi Mungu, hamwogopi mjane, hamwogopi maiti wa mjomba wake, anaogopa nyuki wasije wakahama. Nilikuwa bado nikifikiri hivyo mjane aliponigusa bega.

"Nenda kawagongee, Keziah. Wameambiwa vibaya."

"Niwaambie bwana wao ni nani, Bibi?"

"Sijui," akasema. "Waambie unachokijua."

Nikaenda. Nikagonga mzinga polepole. Ndani walivuma, wakanyamaza.

"Bwana Thorley amefariki," nikasema. Sikujua cha kuongeza. "Mimi Keziah. Sijafungwa."